Namna ya Kubadilisha Pasipoti Ukiwa Likizo Nyumbani Bila Kukwama Kurudi Kazini

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Video ya leo ni ya ndugu zangu mnaofanya kazi ughaibuni, mnakuja nyumbani likizo, na pasipoti imekaribia kwisha muda. Najua likizo yenyewe ni fupi. Kuna wazazi wa kukaa nao, kuna watoto wa kuzoeana nao upya, na katikati ya hayo yote kuna foleni ya uhamiaji. Nitakupitisha hatua kwa hatua, kuanzia kabla hujapanda ndege ya kuja mpaka siku unaposimama kaunta ya uwanja wa ndege kurudi.

Kwanza nikwambie jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu. Kupata kitabu kipya ni nusu tu ya safari. Kitabu kipya kinakuja na namba mpya, na huko unakofanya kazi maisha yako yote yamefungwa kwenye namba ya zamani: viza, kibali cha ukaazi, mkataba, bima, pengine hata akaunti ya benki. Mara yangu ya kwanza nilipata pasipoti mapema kabisa, nikafurahi, ile ya zamani nikaiacha kabatini kwa sababu ilishatobolewa. Kufika kaunta, tiketi inasoma namba ya zamani, viza iko kwenye kitabu cha zamani, na mimi mkononi nina kitabu kipya kitupu. Ndege iliondoka nikiiangalia. Ndiyo maana leo nitarudia neno namba mpaka ulichoke.

Haya, tuanze.

Hatua ya kwanza unaifanya ukiwa bado kazini, miezi kadhaa kabla ya likizo. Fungua ukurasa wenye picha yako, utazame tarehe ya mwisho. Usihesabu kuanzia leo. Hesabu kuanzia siku utakayorudi kazini, kwa sababu nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele siku unapoingia. Tuseme yako inaisha tarehe 14 Desemba, na likizo inakwisha tarehe 20 Juni. Ukiitazama kwa macho unaona ina nusu mwaka mzima. Lakini miezi 6 kutoka tarehe 20 Juni ni tarehe 20 Desemba. Umepungukiwa siku 6, na siku 6 zinatosha kukurudisha nyumbani na mabegi yako.

Usitegemee kumbembeleza mfanyakazi wa kaunta. Mashirika mengi ya ndege yanakagua masharti ya kila nchi kwenye mfumo unaoitwa Timatic, na shirika likimbeba abiria asiyeruhusiwa kuingia, linalazimika kumrudisha, na mara nyingi linapigwa faini juu yake. Hawezi kukuonea huruma hata akitaka. Ushauri wangu: ikibaki mwaka mmoja, anza kupanga.

Sasa kuna wenzetu, hasa dada zetu wa kazi za ndani, ambao hata hiyo tarehe hawawezi kuiangalia kwa sababu pasipoti imeshikwa na mwajiri. Hapa nataka nisimame kidogo. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria na vitambulisho vyake mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1990 kuhusu wafanyakazi wahamiaji nao umeweka wazi kwamba si halali mtu yeyote kumnyang'anya mfanyakazi hati zake, isipokuwa ofisa wa serikali aliyepewa mamlaka hayo na sheria. Mikataba hii inazibana nchi zilizoiridhia, si zote. Lakini ni vizuri uingie kwenye mazungumzo ukijua kwamba unachoomba ni haki yako. Mwombe mwajiri kwa adabu, mwambie unahitaji kuangalia tarehe ili usichelewe kurudi kazini. Sababu hiyo na yeye inamgusa. Ikishindikana, wasiliana na ubalozi wako ukiwa bado huko.

Hatua ya pili ni kuhesabu siku kurudi nyuma. Chukua karatasi. Andika chini kabisa siku ya kurudi. Toa siku 7; hizo ni za kushughulikia namba mpya, usiziguse. Siku inayobaki ndiyo mwisho wa kuwa na pasipoti mkononi. Kutoka hapo toa muda ambao ofisi ya uhamiaji ya nchi yako inautangaza wa kutengeneza pasipoti, halafu toa tena siku chache za dharura, maana mtandao huanguka na sikukuu huingia katikati. Mwenye likizo ya siku 30 akifanya hesabu hii ataona kwamba miadi yake ni lazima iwe wiki ya kwanza kabisa. Kama ofisi yenu inaruhusu kuweka miadi kwa mtandao, iweke ukiwa bado ughaibuni. Kama hesabu inagoma kabisa, usiilazimishe: omba kupitia ubalozi huko huko uliko. Mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi, lakini unangoja ukiwa kazini na mshahara unaingia.

Kabla hujaondoka, muulize mwajiri maswali mawili. La kwanza: nikirudi na namba mpya, nani anaibadilisha kwenye mfumo, mimi au ofisi? Chukua jina na namba ya simu ya mhusika. La pili: ruhusa yangu ya kutoka na kurudi inaisha lini? Nchi kama Saudi Arabia zina viza ya kutoka na kurudi yenye tarehe yake yenyewe, na tarehe hiyo haijui kama pasipoti yako imechelewa.

Hatua ya tatu, nyaraka. Zinatofautiana nchi kwa nchi, soma orodha kwenye tovuti rasmi ya uhamiaji wako. Kwa kawaida ni pasipoti ya zamani, kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, na wakati mwingine vitambulisho vya wazazi au barua ya mwajiri. Kinachowaangusha wengi ni jina. Cheti kina majina matatu, kitambulisho kina mawili, pasipoti ina herufi moja tofauti. Yaweke yote mezani, uyasome herufi kwa herufi kabla hujaenda. Na dada yangu uliyeolewa, unatamani jina jipya liingie kwenye pasipoti: kama kibali chako cha kazi kina jina la zamani, mwaka huu liache kwanza. Namba mpya pekee inaelezeka. Namba mpya na jina jipya kwa pamoja, kwa afisa asiyekujua, unaonekana mtu mwingine.

Halafu piga picha kurasa zote za pasipoti ya zamani, hata zenye mihuri tu, uzitume kwenye barua pepe yako. Fanya leo, kabla haijatoka mikononi mwako.

Hatua ya nne, fomu. Jaza kwenye tovuti rasmi tu. Ziko tovuti za kuiga zenye nembo nzuri kuliko ile ya serikali. Utaulizwa namba ya pasipoti ya zamani, na hapa nataka usogee karibu na skrini. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili ya herufi na alama zinazofanana na mishale. Kila mstari una nafasi 44, ni kanuni ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kwa nchi zote. Tazama mstari wa chini. Nafasi 9 za mwanzo ndizo namba ya pasipoti yako. Tarakimu ya 10 si sehemu ya namba. Hiyo inapatikana kwa kukokotoa zile 9, ili mashine igundue kama kuna iliyosomwa vibaya. Watu wengi wanainakili pamoja na namba, fomu inakataa, wanadhani mtandao ni mbovu. Kosa jingine ni kuandika herufi O mahali pa sifuri. Linganisha na namba iliyo juu ya ukurasa, mara mbili.

Hatua ya tano, picha na vidole. Picha ni rahisi: uso mzima, macho wazi, mdomo umefungwa, mandharinyuma meupe au ya rangi nyepesi, bila kivuli. Uso unatakiwa ujaze asilimia 70 hadi 80 ya urefu wa picha. Ofisi nyingi zinakupiga zenyewe, kwa hiyo usivae nguo nyeupe ukapotelea ukutani.

Vidole ndiyo habari. Kama kazi yako ni usafi, jikoni, kufua, ujenzi, angalia ncha za vidole vyako kwenye mwanga. Sabuni kali, dawa za kusafishia na saruji vinakula ile mistari midogo mpaka ngozi inabaki laini kama kioo. Mimi nilibonyeza kidole gumba kwenye mashine mara sita, taa nyekundu kila mara, huku foleni nyuma yangu inapumua. Afisa mmoja mama mtu mzima akanipa kitambaa chenye unyevu, akaniambia, "Mwanangu, futa, kisha bonyeza taratibu, usikandamize." Ikasoma. Tangu hapo, wiki nzima kabla ya miadi napaka mafuta mikononi kila usiku, nafua kwa glavu, na asubuhi ya miadi sipaki chochote, maana mafuta yakizidi nayo yanaziba. Vikigoma kabisa, usiondoke kimya. Mwambie afisa kazi unayofanya, uulize utaratibu wao kwa mtu kama wewe.

Hatua ya sita, na naomba usiiruke, ni pale unapokabidhi pasipoti ya zamani. Itabatilishwa kwa kutobolewa, kukatwa kona au kugongwa muhuri. Hiyo ni sawa. Lakini kama ndani kuna viza au kibali ambacho hakijaisha, fungua ukurasa huo mbele ya afisa na useme wazi: "Naomba ukurasa huu usiguswe, na naomba nirudishiwe kitabu." Viza iliyotobolewa inaweza kuhesabika imeharibika.

Na usikubali mtu akushauri utangaze kwamba pasipoti imepotea ili mambo yaende haraka. Ukishatangaza, taarifa inaweza kupelekwa kwenye hazina ya Interpol ya hati zilizoibiwa na kupotea, iliyopo tangu mwaka 2002, ambayo polisi na maofisa wa mipakani wa nchi mbalimbali wanaisoma. Kitabu hicho ukikitoa popote, hata kama ni chako na kiko mkononi mwako, unawekwa pembeni. Na viza yako imo humo ndani.

Kuhusu madalali wa nje ya geti: lipa kwenye mfumo, tunza risiti, usimpe mtu kitabu chako. Basi.

Hatua ya saba, siku ya kuchukua. Usiondoke dirishani hujakagua. Jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, tarehe ya kutolewa na ya kuisha. Kosa likionekana hapo hapo ni lao kurekebisha. Ukiligundua nyumbani, ni foleni mpya na siku zako zinakwenda. Kisha weka saini ikiwa ina nafasi ya saini.

Hatua ya nane inafanyika siku hiyo hiyo jioni, ndani ya zile siku 7 tulizozitenga. Piga picha ukurasa mpya, mtumie yule mhusika wa kazini, umwombe akuthibitishie kwa maandishi kwamba namba imebadilishwa. Kila nchi ina njia yake. Uingereza, mwenye viza ya kielektroniki anatakiwa kuingiza pasipoti mpya kwenye akaunti yake mwenyewe kabla ya kusafiri. Marekani, viza iliyo kwenye pasipoti ya zamani inaendelea kutumika mpaka tarehe yake ikiwa haijaharibika, ila ubebe vitabu vyote viwili. Falme za Kiarabu, tangu Aprili 2022 hawabandiki tena stika ya ukaazi kwenye pasipoti. Kitambulisho cha mkaazi ndicho kinachothibitisha ukaazi wako, kwa hiyo kibebe, na kitabu cha zamani pia. Baada ya hapo wapigie shirika la ndege wabadilishe namba kwenye tiketi.

Siku ya safari, fika mapema kuliko ulivyozoea. Vitabu vyote viwili vikae kwenye mkoba wa mkononi, usiviweke kwenye begi la kupakia, pamoja na kitambulisho cha ukaazi na ule uthibitisho wa mwajiri uliouchapisha kwenye karatasi. Ukifika kaunta, toa pasipoti mpya kwanza. Kisha fungua ile ya zamani kwenye ukurasa wa viza, uiweke juu yake, na useme kabla hujaulizwa: "Nimebadilisha pasipoti, namba ya zamani ni hii hapa."