Ndoa Mbili za Mary Stewart, Binti wa Mfalme James wa Pili wa Uskoti

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nitazungumza nanyi juu ya familia na ndoa za Mary Stewart, na ni lazima tangu mwanzo nimtenganishe na yule maarufu mwenye jina hilohilo, malkia aliyekatwa kichwa huko Uingereza mwaka 1587. Huyu wetu alizaliwa Stirling mwaka 1453, miaka 89 kabla ya malkia huyo, na hakupata kukalia kiti cha enzi. Maandishi mengi humpitia kwa mistari miwili mitatu, kana kwamba alikuwa mfereji tu uliopitisha damu ya kifalme kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Mimi nashikilia kwamba alikuwa mtu mwenye uamuzi wake, na ushahidi wangu mkubwa ni jambo alilolifanya bandarini Leith katika kiangazi cha mwaka 1469.

Baba yake, James wa Pili, alirithi ufalme mwaka 1437 akiwa mtoto mdogo, baada ya baba yake kuuawa mjini Perth. Mama yake, Mary wa Guelders, alitoka katika Nchi za Chini, yaani eneo la Uholanzi na Ubelgiji za leo, na ndoa yao ya mwaka 1449 ilisimamiwa na jamaa yake, Philip, mtawala tajiri wa Burgundy, aliyeahidi mahari ya krauni 60,000. Ieleweke kwamba kwa desturi ya watawala wa Ulaya ya wakati ule mahari ilitoka kwa jamaa za bibi harusi kwenda kwa bwana, kwa hiyo kila binti wa mfalme alikuwa mzigo wa hazina na pia silaha ya siasa, kutegemea anaozwa kwa nani. Udugu huo na Burgundy uliiletea Uskoti mizinga pia. Mzinga mkubwa uitwao Mons Meg, ambao hadi leo umo katika ngome ya Edinburgh, ulitumwa na Philip mwaka 1457. James aliipenda mizinga kupita kiasi, nayo ndiyo iliyomuua: tarehe 3 Agosti 1460, alipokuwa ameizingira ngome ya Roxburgh iliyoshikwa na Waingereza, alisimama karibu na mzinga uliokuwa ukifyatuliwa, ukapasuka, na kipande chake kikamvunja paja. Mary alikuwa na umri wa miaka saba. Mama yao alishika hatamu za nchi kwa niaba ya mwanawe mkubwa, James wa Tatu, lakini naye akafariki Desemba 1463, akawaacha watoto wakiwa yatima katika nchi ambayo aliyemshika mfalme mdogo mkononi ndiye aliyeshika dola.

Kabla ya kufika kwenye harusi ya kwanza, tuwatazame mashangazi wa Mary, kwa sababu bila wao hatutaelewa ukubwa wa fedheha iliyofuata. Dada za baba yake walikuwa sita, na wanne kati yao waliolewa ng'ambo. Margaret alikuwa mke wa mrithi wa Ufaransa, yule aliyekuja kuwa Mfalme Louis wa Kumi na Moja. Isabella aliolewa na mtawala wa Brittany. Eleanor akaenda kwa Sigismund wa Austria. Na mwingine, aliyeitwa Mary pia, aliolewa na Wolfert van Borselen, bwana mkubwa wa Zeeland. Kwa kipimo hicho, binti mkubwa wa James wa Pili alistahili kutafutiwa mume katika jumba la kifalme, au walau katika nyumba ya mtawala wa ng'ambo ambaye urafiki wake ungeipatia nchi biashara na askari.

Badala yake alipewa mtoto wa bwana wa Kilmarnock. Julai 1466 ukoo wa Boyd, ukiongozwa na Robert, Lodi Boyd, na nduguye Alexander, ulimkamata mfalme kijana akiwa mawindoni karibu na Linlithgow na kumpeleka Edinburgh. Oktoba mwaka huohuo bunge, huku mfalme akiwa bado mikononi mwao, lilitangaza kwamba hawakutenda kosa lolote. Mwaka uliofuata Robert alimwoza mwanawe Thomas kwa dada wa mfalme, na Thomas akapewa kisiwa cha Arran pamoja na cheo cha Earl, kilicho juu ya malodi wa kawaida. Mary alikuwa na miaka kama 14. Hakuna aliyemuuliza. Kaka yake naye hakuulizwa kwa maana ya kweli, na naamini kwamba kati ya yote waliyomtendea Waboyd, hili la kumchukua dada yake ndilo alilolishika moyoni, maana madaraka yangeweza kurudishwa, lakini ndoa iliyofungwa kanisani na ambayo watoto walitarajiwa humo haikufutika kwa urahisi.

Mwaka 1468 Thomas alitumwa Denmark katika ujumbe wa kumposea mfalme. Mkataba uliotiwa sahihi Septemba mwaka huo ulimpa James mkono wa Margaret, binti wa Christian wa Kwanza, mfalme wa Denmark na Norwei, kwa mahari ya florini 60,000. Christian hakuwa na fedha hizo. Aliviweka rehani visiwa vya Orkney kwa florini 50,000, na aliposhindwa kutimiza hata zile 10,000 zilizobaki akaongeza Shetland kwa 8,000. Rehani hiyo haikukombolewa kamwe, na ndiyo maana visiwa hivyo ni sehemu ya Uskoti mpaka leo. Kwa kipimo chochote ujumbe huo uliifaidia nchi sana. Lakini wakati Thomas akiwa baharini na bibi harusi wa mfalme, maadui wa ukoo wake walikuwa wamekwisha kulipata sikio la James, na mfalme alikuwa anasubiri tu meli zifike.

Meli zilitia nanga Leith kiangazi cha 1469. Mary, mwenye umri wa miaka kama 16, alitoka Edinburgh, akaenda hadi kwenye meli ya mumewe, akamweleza kwamba akiteremka atakamatwa. Kisha hakurudi nchi kavu. Alibaki melini, wakatweka tanga wote wawili kurudi Denmark, huku mjini wakiendelea kuipamba harusi ya kaka yake. Uzito wa tendo hili, wasikilizaji wangu, hauonekani mpaka tujiulize alikuwa anaacha nini. Angekaa kimya, angebaki dada wa mfalme, mjane au mtalikiwa mwenye heshima, na ukoo wa mumewe ungebeba lawama peke yake. Alichagua uhamisho pamoja na mtu aliyelazimishwa kuolewa naye miaka miwili tu iliyotangulia. Novemba bunge liliwahukumu Waboyd kwa uhaini. Alexander alikatwa kichwa Edinburgh, Robert alikuwa amekimbilia Uingereza, na mali zote za ukoo zikatwaliwa.

Uhamishoni wenzi hao walipata hifadhi Bruges, katika nyumba ya Anselm Adornes, mfanyabiashara mkubwa ambaye familia yake ilijenga Kanisa la Yerusalemu lililo bado katika mji huo. Walijaliwa watoto wawili, James na Margaret. Mwaka 1471 Mary alirudi Uskoti pamoja na Adornes, kwa matumaini ya kumwombea mumewe msamaha. Msamaha haukupatikana, na yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuondoka tena. Thomas alikwenda kukaa Uingereza, na tunaye shahidi mmoja mzuri wa siku zake huko: barua ya Juni 1472 ya John Paston, mwungwana wa Norfolk, akimwomba nduguye mkubwa amfikishie salamu zake za unyenyekevu Earl huyo aliyepanga London. Paston anamsifu kwa ukarimu, ulimi mzuri na ustadi wa upinde, na anataja kwamba Earl huyo ana kitabu cha dada yake Paston, ambacho Paston angetaka kirudishwe. Katika sifa zote hizo, ile inayonigusa zaidi ni kwamba anamtaja kuwa mwaminifu kwa bibi yake kuliko mashujaa wote aliopata kuwajua. Wakati barua hiyo inaandikwa, bibi huyo alikuwa amezuiliwa upande wa pili wa mpaka.

Ndoa ya pili ilikuwa kazi ya mfalme. Mapema mwaka 1474, ndoa ya kwanza ikiwa imekwisha, Mary aliozwa kwa James, Lodi Hamilton, mtu aliyemzidi umri kwa karibu miaka 40. Hamilton alikuwa mzee wa siasa: aliwahi kuutumikia ukoo wa Douglas dhidi ya baba wa Mary, kisha mwaka 1455 akauacha mkono kwa wakati uliomfaa, na baadaye akakipatia Chuo Kikuu cha Glasgow ardhi. Walizaa James na Elizabeth. Alikufa mwaka 1479, na Mary akabaki mjane hadi alipofariki Mei 1488, mwezi mmoja kabla ya kaka yake kuuawa katika vita vya Sauchieburn. Mwanawe wa kwanza, James Boyd, alikuwa amerudishiwa Kilmarnock mwaka 1482, lakini aliuawa katika ugomvi wa koo mwaka 1484, angali kijana.

Watoto wa Hamilton ndio waliogawana urithi mzito. James alipewa mwaka 1503 cheo kilekile cha Earl wa Arran, na Elizabeth aliolewa na Matthew Stewart, Earl wa Lennox, aliyekufa vitani Flodden mwaka 1513. Kwa kuwa uzao wa James wa Tatu ulizidi kupungua, nyumba hizi mbili zilijikuta ndizo zilizo karibu zaidi na kiti cha enzi, na zikageukiana. Mwaka 1526 huko Linlithgow, mwana wa Elizabeth alipigana na jeshi la mjomba wake na kuuawa na upande huo. James wa Tano, mjukuu wa James wa Tatu, alipofariki Desemba 1542 akimwacha binti mchanga, yule malkia maarufu niliyemtaja mwanzoni, Earl wa pili wa Arran, mjukuu wa Mary wetu, alitangazwa mtawala wa muda na mrithi wa kiti cha enzi baada ya mtoto huyo. Walennox wakadai kwamba hakuwa mtoto halali, kwa hoja kwamba baba yake alimwoa mama yake hali mke wa awali hajaachwa kisheria, na kwamba haki ilikuwa yao. Mwaka 1565 kilembwe wa Mary kwa upande wa Elizabeth, Henry Darnley, alimwoa malkia mwenyewe, na mtoto wao alikuja kuwa James wa Sita, mfalme wa Uskoti na, tangu 1603, wa Uingereza pia. Darnley aliuawa mwaka 1567. Baba yake, akiwa mtawala wa muda, alimnyonga mwaka 1571 John Hamilton, askofu mkuu na mjukuu wa Mary, kwa tuhuma zilizojumuisha mauaji hayo, na miezi michache baadaye akapigwa risasi yeye mwenyewe mjini Stirling. Ni katika mapatano ya Perth ya Februari 1573 ndipo ukoo wa Hamilton ulipokubali kumtambua mtoto wa Darnley kuwa mfalme wao.