Kile kikombe hakikuwa na chai

Habari zenu ndugu zangu. Leo siwatembezi popote. Nipo jikoni, simu nimeiegemeza dirishani, nikikwama mtanivumilia.

Kile kikombe cheupe ambacho hakinitoki mkononi kwenye video zangu, mpaka mkanibatiza mzee wa chai, hakikuwa na chai. Muda mrefu tu hakikuwa na chai. Nilikuwa naamka alfajiri natoa loki, pombe ya asubuhi, ili mikono itulie, halafu ndiyo nawasha kamera nawaambia huku ughaibuni mambo yanakwenda.

Leo nina miezi 7 sijagusa. Nataka niwasimulie nilivyopata kikundi, maana najua kuna anayeniangalia sasa hivi na chupa ameiviringisha kwenye nguo kabatini.

Kwanza hili la hatari. Kama unakunywa kila siku na usipopata unatetemeka, usijifungie chumbani uache ghafla kishujaa. Arosto ya pombe si ya sigara. Inaweza kukuangusha kifafa, na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona visivyokuwepo, hata akafa. Mimi nilianzia kwa daktari. Akanipa dawa za kunishusha taratibu, akaniuliza: arosto itaisha, lakini jioni zako utazifanyia nini?

Sikuwa na jibu. Nikaanza kutafuta AA kwenye simu, Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Wana programu inayokuonyesha mikutano iliyo karibu nawe, siku na saa. Nikaenda kwa wa kwanza. Mlango umefungwa, taa zimezimwa, kumbe walishahama. Mnajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilipata sababu ya kupitia chupa njiani. Kwa hiyo piga simu kwanza uhakikishe, usiupe ulevi wako kisingizio. Wa pili niliukuta, ila kuna mtu alishika zamu akahutubia karibu saa nzima. Niliondoka kabla haujaisha, nikaapa vikundi si vyangu.

Wa tatu ulikuwa mitaa miwili tu kutoka ninapoishi, nilikwenda kwa miguu. Viti vimepangwa duara. Mama mmoja mwenye mvi akanipa chai, safari hii chai kweli, kwenye kikombe cha karatasi, akaijaza nusu tu. Nikajisemea, huyu mama mchoyo. Baadaye ndiyo nikaelewa: alishaiona mikono yangu. Kikombe kikijaa, ningejimwagia mbele za watu.

Hakuna aliyeniuliza jina la ukoo. Hakuna ada. Kikapu kinapita, unacho unaweka, huna unampitishia jirani. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. Kuna mikutano ya wazi, hata dada yako anaweza kukaa akasikiliza, na kuna ya ndani, ya wenye tatizo la pombe peke yao. Chama chenyewe kilianza 1935 kule Akron, Marekani: Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji, walevi wote wawili, wakagundua kwamba wakikaa wakaongea, siku inapita bila kunywa. Mimi nilidhani yatakuwa mahubiri. Na kweli Mungu anatajwa katika hatua 12 wanazozifuata, ila wanasema Mungu kwa namna wewe unavyomwelewa. Kama hilo linakukwaza, wapo SMART Recovery, tangu 1994, wao wanashughulika na fikra na tabia bila dini. Wake, waume na wazazi mnaochoka kutusubiri usiku, mna kikundi chenu, Al-Anon, tangu 1951.

Zamu yangu ilipofika nikasema jina langu, nikasema mimi ni mlevi, kwa lugha ya huku. Ikatoka laini tu, kama natoa namba ya nyumba. Nikarudi najipongeza. Usiku nikasimama mbele ya kioo niiseme kwa Kiswahili. Haikutoka. Kwa Kiswahili mlevi ni yule watoto wanamfuata nyuma wakimcheka. Lugha ya watu haina sauti ya mama yako ndani yake, ndiyo maana inasema lolote.

Mikutano ya mtandaoni ipo, na kama huna kikundi karibu, ingia huko huko. Lakini mtandaoni unaweza kuzima kamera ukatabasamu. Hiyo ndiyo kazi yangu, naijua. Wiki ya tano sikuenda, nilikuwa nimekaa kitandani naangalia viatu, nahesabu hatua mpaka dukani. Simu ikaita. Yule mama. Hakuuliza kama nimekunywa. Alisema, "Kiti chako nimekiwekea koti langu, watu wanataka kukikalia, njoo." Nikavaa viatu.

Basi. Mbele ya kioo ilinichukua miezi 3, mbele yenu imenichukua 7. Mimi ni mlevi, ndugu zangu. Leo sijanywa.

Na wewe mama yangu mzazi, najua unaiangalia hii na simu nyingine iko mkononi tayari. Usipige saa kumi na mbili, nitakuwa mkutanoni. Piga saa mbili, nitapokea.