Mawe tunayo Mwanza, ya nini kwenda Cappadocia?

Mwangaluka, watu wangu. Upepo mtanivumilia. Niko likizo nyumbani, na hapo nyuma yangu mnaliona Jiwe la Bismarck. Nimekaa hapa makusudi. Tangu niweke zile picha za Cappadocia, kule Uturuki, swali ni lilelile: "Dada, mawe hata Mwanza yapo, umekwenda kula nauli tu?" Mwingine: "Taja gharama, acha kuringa."

Siringi. Istanbul nafungasha nguo ghalani, na ile safari niliidunduliza mwaka mzima. Nikisema maisha magumu, mnasema nalalamika. Basi nisemeje?

Haya, mawe. Hili la kwetu ni graniti, ukiligonga kwa patasi inakufa patasi. Kule ni majivu ya volkano yaliyoshikana yakawa mwamba, lakini mwamba laini. Watu wakachonga nyumba, wakachonga makanisa yenye picha za watakatifu hadi darini. Derinkuyu wamechimba mji mzima chini ya ardhi, mita kama 85 kwenda chini. Sisi tunajenga juu ya jiwe, wao waliingia ndani yake.

Siku tano kwangu zilitosha. Wewe utajua na miguu yako. Mbili Istanbul, tatu mabondeni Cappadocia. Ndege kutoka Istanbul hadi Kayseri, mji wa jirani na mabonde, ni saa moja na kidogo. Basi la usiku ni nafuu, ila utafika kiuno si chako. Ayasofya, lile jengo la kale la Istanbul, ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti 1453, baadaye makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Mtalii wa nje analipa yuro 25, anapelekwa ghorofa ya juu. Anayekwenda kuswali anaingia chini bure. Msikiti wa Bluu uko jirani, halipi mtu.

Sasa viza, maana hapo ndipo penye kidonda. Mdogo wangu anauza dagaa mwaloni Kirumba. Pesa anayo kunizidi mimi mnayeniita wa ughaibuni, lakini pesa yake inalala kwenye simu na kwenye magunia, benki haiijui. Nilipomwalika tukafanya ujinga: nikamtumia mamilioni, akayaweka kwa mkupuo, wiki moja kabla ya kuomba. Stetimenti ikaonyesha akaunti iliyokufa miezi mitano, ghafla imefufuka tajiri. Akanyimwa. Ada haikurudi, nauli ya Dar kwenda na kurudi ikapotea, na ukoo mzima unasema nilimbania. Mama, kama unatazama, sikumbania.

Simfundishi mtu, kila mmoja na faili lake. Ila ningekuwa yeye, ningepitisha mauzo benki kidogokidogo, miezi sita hivi, niambatishe na leseni ya biashara, ndipo niombe. Na tiketi nisingeilipia kabla ya viza.

Puto, lile la hewa moto la kupaa juu ya mabonde? Sikupanda. Asubuhi mbili niliamka saa tisa usiku, na zote mbili wakaahirisha kwa upepo. Hela ya puto walinirudishia. Hoteli niliyolala kwa ajili ya puto, hakuna wa kukurudishia. Ukienda, bonde lianze na jiji lifuate, ili upepo ukikataa uwe na asubuhi za akiba. Mimi nilijifariji kwa miguu, Bonde la Waridi, mpaka jua likazama.

Nazima. Anayeshika simu ni huyohuyo mdogo wangu, mkono umemchoka. Nimemuuliza kama ataomba tena, anajifanya anatazama mitumbwi.