Baskeli Mbili na Vipito vya Alps: mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba

Assalamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh. Mwenyekiti, wazee wangu, na nyinyi vijana mlioziegesha baskeli zenu ukutani pale nje mpaka mlango haufunguki vizuri: ahsanteni kwa kuja.

Nilipokuwa naingia, mzee mmoja kanishika mkono kaniuliza, "Hebu nambie mwanangu, huko milimani nani alikuongozeni?" Nikamwambia, "Hapana mtu, babu." Akanitazama kama aliyeambiwa jahazi limetoka Wete bila ya nahodha. Basi mazungumzo ya leo, juu ya safari yetu ya baskeli kwenye milima ya Alps huko Ulaya, ni jawabu yake.

Watu wanaokwenda kupanda milima kwa baskeli huenda kwa namna mbili. Wengine hufuatana kundi zima, kiongozi mbele, gari nyuma, na wewe kazi yako kukanyaga tu. Wengine hujiongoza. Unailipa kampuni ikukatie vyumba vya kulala, ichukue begi lako kila asubuhi ilitangulize hoteli ya usiku ule, na ikupe ramani ya kutia kwenye kile kikompyuta cha usukani. Baada ya hapo, kwaheri. Uondoke saa ngapi, upumzike wapi, ushuke au usishuke, hakuna wa kumuuliza. Na hata ramani usiishike kama msahafu: ya kwetu siku ya pili ilitutoa barabarani ikatuingiza njia ya ng'ombe, tukasukuma baskeli kwenye kokoto nusu saa.

Mimi na mwenzangu, ambaye kanikataza nisimtaje jina, tulianzia Thonon-les-Bains, Ufaransa, ukingoni mwa Ziwa Geneva, tukashuka kusini mpaka tukaiona bahari ya Mediterania. Ni kama kilomita 700. Kilomita 700 si kitu, mtu wa hapa akizunguka zunguka mwezi mmoja kazimaliza. Kitu ni kupanda: ukijumlisha miinuko yote ya njia ile unapata zaidi ya mita 15,000. Na hapa Pemba hakuna kilima kinachofika hata mita 200.

Kipito cha mlima si kilele. Ni pale ukuta wa mlima ulipoinama kidogo, watu wakapata pa kuvukia. Wafaransa wanapaita kwa neno lenye asili ya shingo, na kweli ni shingo baina ya mabega mawili. Lakini shingo zenyewe zi juu: Galibier mita 2,642, Izoard 2,360, na Iseran 2,764, ambayo ndiyo ya juu kuliko vipito vyote vya lami katika Alps. Iko barabara nyengine, ya Bonette, imefika 2,802, na kibao chake kinajisifu kwamba ndiyo ya juu kabisa Ulaya. Si kweli. Kile kipande cha juu ni duara walilolizungusha kwenye kichwa cha mlima ili wapate kujisifu, na Hispania kuna lami iliyopanda zaidi ya hapo. Kila nchi ina watu wake wa kujivuna.

Sasa nikwambieni kosa langu, kwa sababu ni kosa la Kipemba.

Sisi vilima vyetu ni vifupi na vikali. Mtu anayeijua barabara ya zamani ya Chake kwenda Wete anajua: unakiona kilima, unainuka juu ya pedali, unakikaba kwa hasira, dakika mbili umekimaliza, unashuka upepo unapiga kifuani. Ndivyo tulivyojifunza tangu utotoni, na gunia la karafuu nyuma kwenye keria. Mimi nikaingia Alps na mtindo huo huo. Kilima cha kwanza kirefu nikainuka, nikamwacha mwenzangu, nikajiona bingwa. Baada ya robo saa mapaja yanawaka, na kilima hakijaanza.

Barabara ya Galibier kutoka mji wa Valloire ni kilomita 18, na wastani wa mwinuko ni karibu asilimia 7. Maana yake kila mita 100 unazokwenda mbele, unapanda 7. Kila kilomita wameweka jiwe pembeni. Jiwe linakwambia zimebaki kilomita ngapi, uko mita ngapi juu ya bahari, na kilomita inayokuja ina asilimia ngapi. Mwanzo niliona huruma ile. Baadaye nikayachukia yale mawe. Limebaki kumi, unakanyaga, unakanyaga, unasoma tisa, na hiyo tisa ina asilimia nane. Mwenzangu akaacha kuyasoma. Mimi sikuweza, kila jiwe nilikwenda kulisoma kama barua ya deni.

Dawa yake ni gia na subira, na gia ndiyo inayoilazimisha subira. Baskeli zetu zilikuwa na gia ndogo ya meno 34 mbele na 34 nyuma. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja, umekwenda kama mita mbili. Zungusha mara 60 kwa dakika, taratibu, unapata kilomita saba na nusu kwa saa. Fanyeni hesabu: Galibier ni zaidi ya saa mbili bila ya kusimama. Baskeli zetu za hapa Pemba, za gia moja, hazikupi hiari hiyo, ndiyo maana tumezoea kukaba. Kule nilikaa kitako kwenye tandiko na kukanyaga kama mwanamke anayesuka ukili: hana haraka, lakini mkono hausimami, na jioni jamvi limekwisha.

Na juu hewa yenyewe ni chache. Ukifika mita 2,700 imepungua zaidi ya robo kuliko hapa tulipo. Hukabwi roho, ila unavuta pumzi na haikuridhishi.

Chakula tulikula mkate wao na ndizi, lakini nilichukua na haluwa ya Wete. Vijana kule hununua vipakiti vya sukari nzito vya kunyonya njiani, bei yake nikaona aibu. Haluwa ni sukari, wanga na samli. Ni nini kingine anachokitaka mtu anayepanda? Tatizo, juu kwenye baridi samli huganda, haluwa ikawa kama mpira wa tairi. Nikawa naitia mfuko wa kifuani ipate joto la mwili.

Tuje kwenye kushuka, maana watu wote huogopa kupanda, na mimi sikuona mtu aliyeumizwa na kupanda.

Siku ya nne tulivuka kipito cha Cormet de Roselend, mita karibu 2,000, na kutoka hapo ni kilomita 20 za kuteremka mpaka Bourg-Saint-Maurice. Kileleni ikaanza mvua. Nilikuwa nimelowa jasho la kupandia, juu yake maji ya mvua, juu yake upepo wa kasi. Baada ya kona ya tano au ya sita nikabana breki na vidole havikusikia. Niliviona vimelala juu ya breki, vyeupe, kama vidole vya mtu mwengine. Nikaburuza mguu, nikasimama kwa kuegemea ukingo wa mawe, nikatia mikono kwapani nikakaa pale natetemeka, mtu mzima, meno yanagonga. Glavu nzito zilikuwa wapi? Kwenye begi. Na begi liko wapi? Limetangulia hotelini, limekauka, limestarehe.

Hesabu yake ni nyepesi, ningeifanya asubuhi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi sita na nusu. Bondeni kukiwa na 28, kwenye Iseran ni kama 15, kabla hujahesabu mvua wala upepo.

Siku ya pili yake tulipanda mpaka Val-d'Isère, tukalala. Asubuhi, Iseran kilomita 16 mbele yetu, wingu jeusi limekaa juu yake kama kuku anayeatamia. Mabegi yalikwisha kuondoka. Mwenzangu anasema twende, chumba cha Bonneval-sur-Arc, upande wa pili wa mlima, tumekwisha kukilipia. Mimi nikapiga simu kampuni. Bibi aliyeipokea akanisikiliza kwa adabu, akasema: "Uamuzi ni wenu." Hapo ndipo nilipofahamu nimenunua nini.

Nikamkumbuka babu yangu mzaa mama, aliyekuwa akisafiri na mashua. Abiria wakipiga kelele kwamba wana harusi, wana matanga, yeye anatazama mbingu tu, na kama hapakumridhisha, nanga haing'oki. Tukakaa. Siku nzima kwa nguo zile zile, hatuna hata mswaki, na vyumba viwili tunalipia usiku mmoja. Kila chumba cha mbele kikasogezwa kwa simu, na siku ya kupumzika tuliyoipanga Briançon ikaliwa hapo hapo. Sijutii. Julai 26, 2019, mashindano ya baskeli ya Tour de France, yenye magari, helikopta na madaktari, yalikatizwa mlima huo huo: mvua ya mawe na maporomoko ya matope yaliziba barabara upande waliokuwa wakishukia, wakahesabu saa za kileleni tu, na Egan Bernal wa Colombia akaipata fulana ya manjano, ya anayeongoza, akiwa njiani kushuka. Ikiwa wao walisimama, mimi wa Chake ni nani?

Asubuhi iliyofuata mbingu nyeupe pee. Tuliondoka saa moja, kwa sababu radi za kule hupenda alasiri. Njiani kuna mnyama mfano wa pelele, mnene, anasimama kwa miguu miwili anakupigia mluzi. Kileleni kuna kikanisa cha mawe, na jina walilokipa maana yake ni Bibi Mariamu wa Hadhari Yote. Nilicheka peke yangu. Safari hii glavu zilikuwa mfukoni, na gazeti nimelikunja kifuani ndani ya koti. Ni mtindo wa waendesha baskeli wa zamani, na hakuna nguo ya bei iliyoushinda.

Masuali. Naam, babu... Anauliza, na swala? Tulisali kwa kupunguza na kukusanya, maana tulikuwa wasafiri. Udhu tuliuchukua kwenye vijito vya theluji iliyoyeyuka. Ukitia mguu unautoa mbio. Kibla ndicho kilichonitatiza. Hapa Pemba tuko takriban kusini kabisa mwa Makka, tunaelekea kaskazini tumemaliza. Kule ni kusini mashariki. Siku mbili za mwanzo mwili wenyewe ulikuwa ukigeuka kaskazini, mwenzangu ananishika bega ananirudisha.

Na wewe kijana wa nyuma? Mwezi gani. Kati ya Juni mwishoni na Septemba mwanzoni. Kabla ya hapo Iseran ina theluji na imefungwa. Viza ombeni mapema sana, na karatasi za hoteli zote mkononi.

Jumapili, wanaotaka, tukutane hapa nje baada ya alfajiri, tunakwenda Wete kwa barabara ya zamani. Sharti ni moja: atakayeinuka juu ya pedali anatununulia chai.