Hiyo si AC, jamani: feni ya maji na kiyoyozi

Habari zenu ndugu zangu. Mnasikia hiyo sauti ya maji nyuma yangu? Si mvua, ni feni yangu ya maji. Tangu ionekane kwenye video iliyopita meseji hazikatiki: "Nitumie na mimi hiyo AC ndogo." Ngoja niwaambie, hiyo si AC.

Hata mimi niliingia mkenge. Boksi lilikuwa limeandikwa kiyoyozi cha kubebeka, hakitaki bomba, hakitaki fundi. Nikalipa, nikabeba. Sasa shikeni hili: AC haitengenezi baridi, inahamisha joto. Gesi inazunguka, inabeba joto la chumbani, kompresa inaisukuma, joto linatemwa nje. Kwa hiyo lazima kuwe na njia ya kulitoa, iwe ile mashine inayofungwa nje ya ukuta au lile bomba nene la dirishani. Ukiona mashine haina njia hiyo, halafu ina tangi la kujaza maji, hata boksi liandikwe nini, umeuziwa feni ya maji.

Si kwamba ni kitu kibaya, msinielewe vibaya. Inafanya kazi ile ile ya mtungi wa udongo wa maji ya kunywa. Mtungi ukitoa jasho, yale maji yanayokauka nje yanaondoka na joto, ya ndani yanabaki baridi. Humu pampu inalowesha pedi, yaani lile pazia nene linalonyonya maji, feni inapitisha hewa kwenye pedi, kwisha. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inameza joto la kama kilojuli 2,400 (kilojuli ni kipimo cha joto), na umeme wenyewe ni kidogo: hii yangu haifiki wati 100, wakati AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ikikaza kazi inakula kama wati 1,000.

Ila sasa, mtungi unategemea hewa ina kiu kiasi gani. Huku ninakoishi ni kukavu mpaka midomo inapasuka. Nje kukiwa nyuzi 40 na unyevu asilimia 10, pedi nzuri inashusha hewa hadi 23 hivi. Raha! Peleka mashine hiyo hiyo penye nyuzi 32 na unyevu asilimia 75, utapata 29. Nyuzi tatu tu, tena umekiongezea chumba unyevu, jasho haliwezi kukauka mwilini.

Hilo sikulisoma popote, nimelilalia. Msimu wa mvua ulipofika shuka zikawa mbichi, mlango wa kabati ukavimba. Na mimi kwa akili zangu nikafunga madirisha yote, si nimezoea kuona watu wa AC wanafunga? Kumbe feni ya maji inataka dirisha wazi upande wa pili, ile hewa iliyolowa ipate pa kutokea. Nilikuwa najichemsha kwa mvuke, na bili nalipa.

Halafu kuna wale wa kutia barafu kwenye tangi. Nimetia sana. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza kilojuli 334, yaani kama moja ya saba ya kazi ya maji yanayokauka. Na friji iliyoigandisha hiyo barafu imelitema joto lake humo humo nyumbani.

Kwa hiyo penye unyevu mwingi, AC tu. Tena mnajua ilianzia kwenye unyevu? Mwaka 1902, Willis Carrier aliibuni mitambo yake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, maana unyevu ulikuwa unavuruga karatasi. Mpaka leo AC inapoza na kukausha, ndiyo maana mnaona maji yanadondoka kwenye mpira wake.

Usafi nauseme haraka: maji ya chumvi yanaganda meupe kwenye pedi, na maji yakilala tangini siku nyingi chumba kinanuka kidimbwi. Mwaga, sugua, jaza upya.

Kabla hujatuma hela, pima. Chukua kipimajoto, soma namba. Kizungushie kitambaa kilicholowa kwenye kile kichwa chake, kipepee dakika chache, soma tena. Hiyo namba ya pili ndiyo mwisho wa uwezo wa feni ya maji hapo kwako, haivuki hapo. Tofauti ikiwa nyuzi 12, 15, nunua ufurahi.

Binamu yangu anayekaa karibu na bahari nilimpa huo mtihani wiki iliyopita, maana alikuwa ananisumbua kila siku. Akanipigia: kavu 31, mbichi 28. Kimya kidogo. Akasema, "Basi nitumie feni ya kawaida."

Haya, tangi limelia. Ngoja nikajaze maji.