Mtoto Akilazwa Mbali, Nani Anapalilia Shamba la Mama Yake?

Mazungumzo na wanajumuiya, Songea

Tumsifu Yesu Kristo. Wazazi wangu, kaka na dada, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nizungumzie namna ya kumsaidia mzazi anayeuguza mtoto hospitali. Wengi wenu mnakumbuka kwamba niliuguza miezi mitano Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa.

Mwanangu alikuwa na miaka sita. Shavu lilianza kuvimba, tukadhani ni jino. Jino likang'olewa, uvimbe ukazidi, mpaka jicho likawa linasukumwa juu. Ndipo tukapewa rufaa kwenda Muhimbili. Wakamkata kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe, wakapima, wakatuambia ni saratani ya Burkitt. Jina hilo ni la Dk. Denis Burkitt, aliyeieleza mwaka 1958 baada ya kuona watoto wenye mataya yaliyovimba pale hospitali ya Mulago, Kampala. Inaonekana zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi, na ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote. Lakini inatibika, mtoto akimaliza dozi.

Hapo kwenye kumaliza dozi ndipo ninapotaka tukae leo.

Baada ya dripu ya kwanza uvimbe uliyeyuka. Siku chache tu, uso wa mwanangu ukarudi. Nikapiga simu nyumbani nikilia kwa furaha. Shemeji akaniambia, "Mungu mkubwa. Basi rudini, mahindi yamezidiwa na magugu." Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa Januari, na ninyi mnajua Januari ya huku. Usiku ule sikulala. Mtoto anacheka, anaomba chipsi, nami ninahesabu: mdogo wake anakula kwa nani? Shamba likipotea, mwaka mzima tutakula nini?

Mama wa kitanda cha pili alikuwa na hesabu hizohizo. Yeye aliondoka. Aliporudi na mtoto, uvimbe ulikuwa umehamia tumboni na dawa hazikumshika tena. Ninamkumbuka kila siku. Asiwepo mtu wa kusema alikuwa mzembe. Aliitwa na nyumbani kwake.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Sababu ni nyingi. Mojawapo ni tiba kuachwa njiani, na hiyo sisi hapa tunaweza kuipunguza kwa majembe yetu.

Mimi nilibakizwa na simu moja. Aliyepiga yumo humu ndani, hataki nimtaje. Alisema, "Nimeanza kupalilia, jumuiya wanamalizia kesho. Mdogo wake yuko kwangu, amekula, amelala. Wewe kaa huko." Hakuniuliza nitarudi lini. Ndugu zangu, swali la "mtarudi lini" linamchoma anayeuguza, kwa sababu hata daktari hawezi kumtajia siku.

Dawa sikulipia. Pale Muhimbili kuna Tumaini la Maisha, wanaosaidia watoto wenye saratani watibiwe bila malipo. Watu wa huku hawalijui hilo, wanauza ng'ombe kabla hawajauliza. Na kwenye hospitali kubwa yoyote, mwambieni mzazi aende mapema ofisi ya ustawi wa jamii aeleze hali yake, asisubiri mpaka deni limshinde. Kinachommaliza mtu ni vitu vidogo: sabuni, nauli ya daladala, vocha, sahani ya wali. Shilingi elfu tano ikiingia kwenye simu yake moja kwa moja inamfaa kuliko laki inayozungukia kwa ndugu wanne.

Wenye jamaa Dar, waombeni waende wodini. Wasiende kumi kumtazama mtoto. Aende mmoja, asiye na mafua wala kikohozi, maana dawa zile zinashusha kinga ya mtoto. Asibebe chakula kabla ya kuuliza kama kinaruhusiwa. Akifika, amwambie mama, "Nenda ukaoge, ulale, mimi niko hapa." Nilikuwa nalala sakafuni kwenye mkeka, ninashtuka kila dripu inapokaribia kuisha. Saa mbili za usingizi nilizopewa na binti wa shangazi yangu sijazisahau. Na akiweza, akachangie damu. Watoto wale wanaongezewa mara kwa mara.

Akina baba, nanyi nawaomba. Wodi nyingi za watoto haziruhusu baba alale, basi baba anarudi nyumbani na maneno yanaanza. Baba yule naye ana mgonjwa. Mwiteni ale, mumsindikize kwa daktari siku ya maelezo, mtu wa pili asikie na kuandika, kwa sababu mzazi aliyeshtuka husikia neno moja tu.

Alhamisi jirani yetu wa kule bondeni anapanda basi la alfajiri na mtoto wake. Anaacha watoto wawili, mbuzi watatu na ekari moja na nusu ambayo haijawekwa mbolea. Daftari lipo kwa katibu. Nimeandika jina langu kwa mtoto mdogo. Mbuzi na mbolea bado hazina mtu.