Damu Ipimwe, Isikadiriwe

Asante, mwenyekiti. Waheshimiwa madiwani, wauguzi wenzangu, shikamooni wakubwa. Ratiba inasema nizungumzie huduma za uzazi, rufaa, damu salama na uzazi wa mpango, yote kwa dakika 20. Basi nitaanza na damu anayovuja mama baada ya kujifungua, na nitaianza kwa kanga.

Hizi hapa mezani ni kanga mbili. Ya kulia ni kavu. Ya kushoto imemwagiwa maji yaliyotiwa rangi. Mheshimiwa wa hapa mbele, unaona maji kiasi gani? Kikombe kimoja. Na dada wa pale nyuma, wa wadi ya wazazi? Mililita 200. Haya, mzani wa jikoni huu hapa. Yenye maji: gramu 690. Kavu: gramu 210. Toa. Tunabaki na 480, na kwa damu tunahesabu gramu moja ni mililita moja. Niliyomimina ni chupa nzima ya maji ya nusu lita. Yaliyopungua yamebaki kwenye beseni. Dada, usione aibu. Jicho la kila mtu hudanganywa hivyo hivyo, na kadiri damu inavyokuwa nyingi ndivyo tunavyoikadiria chini zaidi. Hii kanga ni nyeupe, tena mchana. Chukua yenye maua mekundu, saa nane usiku, taa ya simu, halafu uniambie umeona nini.

Nusu lita ndiyo iliyokuwa mpaka wetu siku zote wa kusema mama anavuja damu kupita kiasi: mililita 500 ndani ya saa 24 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo unaosema usisubiri hapo. Ikifika 300 na mapigo ya moyo yamezidi 100 kwa dakika, au presha ya juu imeshuka chini ya 100, anza matibabu. Sasa mtu asiyeweza kutofautisha 200 na 480 ataijuaje 300?

Mtaniambia vifo vya uzazi vimeshuka. Vimeshuka kweli: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015-16 ulitupa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukatupa 104. Nami nimefurahi. Ila huo ni wastani wa nchi. Zahanati yenye muuguzi mmoja na friji bovu haifanyi kazi kwa wastani.

Na kina mama wakwe mliomo humu, hili la "damu chafu, iache itoke" tulimalize leo. Ni damu ile ile iliyomo mwilini. Kizazi cha mimba iliyotimia hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Kondo la nyuma likishatoka, kinachoziba ile mishipa ni msuli wa kizazi kujibana. Ukikigusa kiwe kigumu kama embe bichi. Kikiwa laini kama unga wa maandazi, mishipa iko wazi. Na mama aliyeingia leba kipimo chake cha wingi wa damu, himoglobini, kikiwa 7 hana cha kupoteza, hiyo 300 kwake ni nyingi mno.

Tufanyeje? Kuna mfuko wa plastiki unaotandikwa chini ya makalio ya mama, una faneli yenye mistari ya vipimo. Utandike mtoto akishatoka, siyo kabla, la sivyo utapima maji ya chupa ya uzazi ukidhani ni damu. Soma mstari kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, na kila unaposoma shika kizazi, hesabu mapigo, pima presha. Mfuko huu ulijaribiwa pamoja na matibabu ya mkupuo, nitakayoyaeleza sasa hivi, katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yakatoka 2023. Palipokadiriwa kwa macho, karibu nusu ya waliovuja damu hawakugunduliwa. Palipopimwa waligunduliwa 93 katika kila 100, na madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60.

Najua mtasema mifuko haipo. Mzani wa vichanga upo? Upo, kila zahanati. Ufunike kwa nailoni safi, pima pedi na kanga zilizolowa, toa uzito wa zikiwa kavu. Uzito wa kavu uandikeni ukutani leo jioni, msianze kuutafuta mama akiwa anavuja.

Matibabu ya mkupuo maana yake ni vyote pamoja ndani ya dakika 15. Tulizoea kujaribu kimoja, tungoje, tujaribu kingine. Hapana. Ita msaada. Kanda kizazi, toa mkojo, maana kibofu kilichojaa hukizuia kujibana. Oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, yuniti 10 kwenye dripu. Asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu kuganda, gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Kila robo saa unayochelewa inakula sehemu ya faida yake. Kisha kagua: kondo limetoka lote? Kuna mchaniko? Kizazi kigumu na damu bado inatoka, tafuta mchaniko, usiendelee kukanda.

Halafu hiyo oksitosini yenyewe. Kila mama anachomwa yuniti 10 pajani ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, ukishahakikisha hakuna pacha tumboni. Dawa inataka nyuzijoto 2 hadi 8. Sisi tunaziweka kwenye trei dirishani tangu Jumatatu, eti zisisumbue kutafutwa! Joto linaziua kimya kimya. Rangi haibadiliki, chupa ni ile ile, unachoma karibu na maji. Halafu tunasema mama "hakuitikia dawa". Friji la chanjo lipo, ziwekwe humo, rafu yake, na ufunguo usiende nyumbani na mtu wa chanjo. Pasipo umeme wa uhakika, ombeni kabetosini isiyodhurika kwa joto, mikrogramu 100, ya kuzuia kuvuja damu. Majaribio ya 2018 kwa karibu wanawake 30,000 yalionyesha haizidiwi na oksitosini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Rufaa basi, kwa mbio: namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa kina mama na vichanga, ni 115, ni bure, iandikwe mlangoni. Anayepiga ataje mililita, mapigo na presha. "Anatoka damu sana" haimsaidii anayepanga gari. Uzazi wa mpango nina kurasa nne, zinarudi mfukoni, mniite tena.

Maswali. Dada wa mililita 200, anza wewe. Na kanga hii nyingine nimeimwagia sasa hivi mlipokuwa mnaandika, tukadirie tena.